Nani Alipiga Gitaa Lile

Nilikosea nikiwa na miaka tisa. Watu wazima waliniuliza swali moja, jibu lake lilikuwa jina la mtu, nami nikataja jina la mtu mwingine. Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo mazuri ya kwa nini nilikosea, maelezo ya mtoto ambaye hakuelewa, na watu hupenda kusikia maelezo ya aina hiyo. Nimejaribu kuandika habari hii mara nyingi nikaifuta, kwa sababu kila nikisoma naona mahali nilipojipendelea. Safari hii nitaiacha kama ilivyo.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Tengeru, nikapita karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza mawaridi yaliyokataliwa shambani, yale yenye shina fupi au doa kwenye petali. Alikuwa ameyapanga kwenye ndoo. Niliposogea nikasikia harufu ya dawa ya kupulizia. Maua yenyewe hayanuki, ni dawa ndiyo inayonuka. Harufu ile iliingia nyumbani kwetu kila jioni kwa miaka, kwenye kitenge cha dada yangu Haika, kwenye nywele zake, hata kwenye kikombe alichonywea chai. Nilisimama pale na mfuko wangu wa karoti mpaka yule mama akaniuliza, "Mwanangu, unanunua au unahesabu?"

Kabla ya harufu hiyo Haika alinukia mafuta ya nywele. Alinizidi miaka kumi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri, basi akawa anasuka kwenye saluni moja kando ya barabara, ambako redio ilipiga muziki wa pop kutoka asubuhi mpaka kufunga. Aliujua wote. Alirudi nyumbani anaimba maneno ya Kiingereza ambayo nusu yake aliyatunga mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mabinti kusafisha kanisa, nami nilikwenda naye kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniangalia. Wenzake walipokuwa wakibadilisha maua na kupiga deki, yeye alimaliza upande wake haraka, akaenda kwenye kona ya kwaya na kuchukua gitaa la solo. Hakuliunganisha na spika. Mliokulia kwenye makanisa ya kwetu mnajua gitaa la umeme lisilo na waya linavyolia: kidogo sana, kama mdudu ndani ya kiberiti. Ili nisikie ilibidi nilaze sikio kwenye ubao wake. Ubao ulikuwa wa baridi, ulinuka vanishi na mikono ya watu, na ndani yake nyimbo za saluni zilikuwa zinapita, bila maneno, kwenye nyuzi. Hakuna aliyemkataza kwa sababu hakuna aliyemsikia. Alijifunza gitaa hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji wake wa pekee.

Likizo nilipelekwa Moshono kwa mama mkubwa. Mwanawe, kaka Ima, alikuwa anaosha magari ya kampuni moja ya utalii, na dereva mmoja alikuwa amempa flash iliyojaa nyimbo za roki zilizoachwa na wageni. Ima alikuwa na geto, chumba chake nyuma ya nyumba, sabufa moja, bango la fuvu lenye moto machoni, na wenzake watatu. Kwenye mtaa mzima wao peke yao walisikiliza muziki ule, nao walijivunia upweke huo kama cheo. Mara ya kwanza kusikia lile gitaa linalonguruma nilidhani spika imepasuka, nikamwambia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Chalii wangu," Ima akaniambia, "hiyo ndiyo sauti yenyewe. Roki ni muziki wa wanaume. Mtu anashika chombo, anatoka jasho. Pop ni mashine inapiga, demu anapaka lipstiki, basi."

Nilikuwa mtoto mwoga. Niliogopa mbwa, niliogopa kukosea hesabu, nilifuta daftari mpaka karatasi inatoboka. Kuambiwa kwamba kuna kitu cha wanaume na kwamba naruhusiwa kukaa ndani yake kulinilevya. Nikaanza kuchukia pop kwa bidii. Nyumbani Haika akiimba nilijiziba masikio. Nilimwambia nyimbo zake ni za saluni. "Na mimi niko saluni," alinijibu, "ulitaka niimbe za gereji?"

Likizo moja alikuja Moshono kunichukua, akamkuta Ima anahangaika na gitaa kavu la zamani lililokosa uzi mmoja. Kulikuwa na kipande kimoja cha roki alichokuwa anakitafuta tangu Pasaka.

"Lete," Haika akasema.

"Dada, hili siyo la kusuka."

"Lete kwanza."

Akakaa juu ya dumu la maji. Akakipiga kile kipande polepole, akarudia kwa kasi, akikwaruza nyuzi kwa ukucha mpaka zikanguruma kidogo. Kilikuwa chenyewe. Halafu, bila kuhamisha mkono wa kushoto, akaanza kuimba wimbo wa saluni juu ya nyuzi zilezile. Ulikaa sawasawa.

"Vidole sijahamisha, mmeona?" akasema. "Mnagombania nyumba moja, nyie mmeingilia mlango wa mbele, sisi wa nyuma."

Kisha mmoja akasema, "Ameiga tu. Demu hana hisia ya roki." Ima, ambaye masikio yake yalikuwa yamewaka, akaongeza, "Roki haiko kwenye vidole, dada. Iko moyoni, moyo wa kiume." Wakacheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliookolewa. Mimi nilicheka kuliko wote. Haika aliniangalia, akamrudishia Ima gitaa lake. "Basi huo moyo wako ukauoshe vizuri, unanuka shampuu ya magari," akasema. Njiani hakunigombeza.

Mwaka huohuo kwaya yetu ilikwenda kurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja upande wa Themi, kuta zimefunikwa kwa trei za mayai na zulia la zamani, joto na harufu ya vumbi la kompyuta. Haika alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, nami nikawa nimebebwa kama kawaida. Gitaa la solo lilikuwa la kaka Goodluck, kijana mpole ambaye kila Jumapili alipiga vizuri mitindo yake mitatu. Wimbo huu ulitaka wa nne. Mtayarishaji aliandika GOODLUCK SOLO kwenye kompyuta, akabonyeza, na Goodluck akaanza. Akakosea. Akaanza tena. Ilifika mchana wengine wakatoka kwenda kula kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, tukabaki watu wanne: mtayarishaji, Goodluck akijifuta jasho, Haika, na mimi kwenye kiti cha plastiki na soda yangu.

"Naomba nijaribu," Haika akasema. "Wewe pumzisha mkono tu."

Goodluck alimpa gitaa kama mtu anayetua gunia. Akapiga. Mtayarishaji alianza kwa kuegemea kiti, halafu akakaa wima, akainua kiganja kwamba asiache. Kwa mara ya kwanza nilisikia vidole vya dada yangu kutoka kwenye spika kubwa, siyo kwenye ubao. Kifua changu kilitetemeka. Kwenye kioo cha kompyuta mkanda wa kijani ulikuwa unarefuka kadiri anavyopiga, mpaka mwisho wa wimbo, mara moja tu, bila kusimama.

"Tumemaliza," mtayarishaji akasema.

Goodluck akampa mkono. "Dada, umeniokoa," akasema, na alimaanisha. Kisha wakatoka kwenda kula na wenzao. Mkanda ukabaki kwenye kioo, na juu yake, kwa herufi kubwa, GOODLUCK SOLO. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha.

Hapa ndipo maelezo yangu mazuri yanapoingia. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba daftari ni la yule ambaye jina lake liko kwenye jalada. Ukiliokota, soma jina, mrudishie. Mimi nilikuwa naipenda sana sheria ile. Basi niliposoma jina juu ya mkanda wa kijani, nilielewa kwamba kompyuta imekwisha amua: Haika alipiga, ila mlio ni wa Goodluck. Nilidhani mashine ina uwezo huo. Hiyo ni kweli, niliwaza hivyo. Lakini siyo yote.

Video ilipigwa wiki kadhaa baadaye kando ya Ziwa Duluti. Mnazikumbuka video zile: wimbo unachezwa kwenye redio, wote mnafungua midomo kuufuata, wapiga magitaa wamesimama kwenye majani na magitaa ambayo waya wake haufiki popote. Haika alilishika gitaa. Mpiga video akamtoa pale. "Gitaa apewe kijana," akasema. "Akishika msichana watu watamwangalia yeye, neno halitasikika. Wewe dada nenda mstari wa pili, una tabasamu zuri." Haika akaenda mstari wa pili. Nilimwona akitabasamu, kwa sababu alidhani video ni mchezo tu na kila mtu anajua ukweli.

Wanakwaya karibu wote hawakujua. Walikuwa wanakula.

Halafu ikaja barua. Usharika wetu ungepeleka mpiga gitaa mmoja kwenye mafunzo ya muziki ya kanisa, mwaka mzima, kula na kulala hukohuko, na ukimaliza unaajiriwa kufundisha kwaya. Kwa Haika huo ndio uliokuwa mlango pekee. Baba alikuwa amekwisha sema kwamba saluni si kazi na kwamba kwenye mashamba ya maua wanachukua wasichana. Haika akaomba. Goodluck naye aliombewa nafasi na wengine. Fomu iliuliza ni nani aliyepiga kwenye kazi iliyorekodiwa. Mtayarishaji alikuwa amehamia Dar es Salaam na simu yake haikupatikana tena. Goodluck alipoulizwa alisema, "Tulisaidiana." Haika akasema, "Muulizeni mdogo wangu. Alikuwepo."

Siku mbili kabla ya kikao cha kamati ya kuamua nani aende, nilikuwa Moshono. Habari ilikwisha fika.

"Eti dada yako anajiita mpiga solo," Ima akasema. "Demu wa pop. Chalii, ukitoka hapo ukasema ni yeye, geto hili utaligeuzia mgongo."

"Si ameonekana jamaa kwenye video?" mwingine akasema. "Macho yana pazia?"

Ofisi ya kanisa ilikuwa na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Walikikunja, wakacheza DVD, wote tukamwangalia Goodluck kando ya ziwa. Kisha mwenyekiti wa kwaya, mzee mwenye sauti ya chini, akaniita katikati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usiogope, hapa hatumpigi mtoto. Ulikuwepo studio?"

"Ndiyo."

"Hukutoka kwenda kula?"

"Sikutoka."

"Gitaa hili tunalolisikia, alipiga nani?"

Mama mmoja wa kamati akanong'ona, "Jamani, na video tumeona." Mwenyekiti akamwonyesha mkono. "Acha mtoto aseme. Mtoto hana sababu ya kudanganya."

Goodluck alikuwa anaangalia viatu vyake. Haika alikuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu ambaye mambo yake yamekwisha kwenda vizuri na anasubiri tu yatangazwe.

"Ni kaka Goodluck," nikasema. "Jina lake lilikuwa limeandikwa."

"Limeandikwa wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Nilisikia chumba kizima kikishusha pumzi. Limeandikwa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia mashamba ya migomba, Haika mbele, mimi nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Kwenye daraja la magogo alisimama akanishika mkono nivuke, na hapo akaniuliza, bila hasira:

"Siku ile studio ulisinzia, eti?"

Nimeliwaza swali hilo kuliko lile la mwenyekiti. Alikuwa ananipa mahali pa kupita. Nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisinzia."

"Sawa," akasema. Akauachia mkono wangu.

Goodluck akaenda mafunzoni. Haika akaenda kwenye mashamba ya maua. Kwa miezi kadhaa bado alikwenda kusafisha kanisa Jumamosi, lakini vyombo vya kona ya kwaya vikafungiwa kabatini kwa kufuli kwa sababu, walisema, vinachezewa. Kisha akaacha kwaya. Mikono yake ikabadilika mbele ya macho yangu: kwanza miiba, halafu mikwaruzo ya mkasi, halafu ngozi ya vidole ikawa ngumu na nyeupe na kubambuka. Jioni aliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Hakuimba tena, wala pop wala kitu chochote, na nyumba ikawa kimya, kimya nilichokuwa nimekitaka. Ima alinifunga kitambaa cheusi kichwani, akaniita mwana roki halali. Nilikivaa siku moja. Kilinibana.

Nikiwa na miaka kumi na tano nilijifunza gitaa mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kurudia mpaka vidole vinatoa maji. Siwezi kufanya kitu nusu. Nikikosea noti moja narudi mwanzo, hata kama wanaonisikia wamekwisha kuondoka. Wimbo nilioutaka kuliko yote ulikuwa ule wa kwaya yetu. Nilipunguza kasi yake, nikausikiliza kipande kwa kipande. Katika mstari wa tatu kuna mahali kidole kinachelewa kidogo halafu kinateleza kufika. Ulikuwa mtelezo wa Haika. Nilikuwa nimeusikia kwenye ubao wa gitaa, sikio langu likiwa juu yake, kabla sijajua kusoma.

Basi nikaitazama upya ile video. Mlio unapanda juu kabisa, sehemu ambayo mkono lazima ushuke karibu na tumbo la gitaa. Mkono wa Goodluck uko kwenye kichwa cha gitaa, haujasogea. Wimbo wote haujasogea. Kamati nzima iliutazama mkono ule, watu wazima tisa, wawili kati yao wapiga magitaa. Ushahidi wote ulikuwa mbele yao kwenye kioo, nao wakamwuliza mtoto.

Nilijaribu kujificha ndani ya jambo hilo. Niliwaza: basi hata ningesema kweli wasingeniamini. Labda. Lakini hawakupata nafasi ya kutoniamini. Nami nilijua. Sheria ya daftari niliikumbuka kwa sababu nilihitaji kuikumbuka. Ningesema "Haika" ningepoteza geto la Moshono, sabufa na kicheko. Nilipima, nikachagua.

Baada ya siku ile ya mawaridi sokoni nilikwenda kwake. Sasa anakaa Moshono hukohuko, vyumba viwili, na binti yake wa miaka saba. Nilibeba gitaa langu. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nne, nikayasema yote vibaya. Haika alinisikiliza huku anamenya viazi.

"Nilijua hukusinzia," akasema. "Mguu wako ulikuwa unatingishika. Nilikuwa naufuata ule mguu, ndio uliokuwa ngoma yangu."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kujua utasema nini."

Nikamwomba apige, hata kidogo. Alifuta mikono, akalipokea gitaa, akaweka vidole mahali pake bila kuangalia. Akagusa. Nyuzi mbili zililia, mbili zikatoa mlio mfu. Akajaribu tena. Kisha akanionyesha vidole viwili vya mwisho. "Hivi havisikii kitu. Ukivichoma sindano havijui." Akanirudishia gitaa na kuendelea na viazi. Sikusamehewa siku hiyo, wala sikukataliwa. Alinipa chai.

Siku hizi narekodi kwaya ndogondogo kwenye chumba changu. Kabla sijabonyeza namwuliza kila anayeshika chombo jina lake, naliandika kwenye mkanda, na wakibadilishana nasimamisha kila kitu na kuandika upya. Wanasema nachelewesha watu. Na nikiulizwa nani alipiga gitaa la ule wimbo wetu wa zamani, nasema ni dada yangu, Haika. Mpaka sasa nimeulizwa mara moja tu, na aliyeuliza ni binti yake.